Doa la Shavu la Kulia

Mama Chokaa alianza kumshuku binti yake siku alipoziona kucha zake. Binti alisema anajifunza ushonaji, na Mama Chokaa, ambaye hakuzaliwa jana, hakuwahi kuona cherehani inayotoa wino mweusi. Tena mlango wa kabati la jikoni ulikuwa umetoweka. "Umeliwa na mchwa, mama," binti alisema. Mchwa gani hao, wale mlango waache kabati?

Jina la Chokaa alipewa mtaani kwa kazi yake ya kufuta michoro ya ukutani. Zamani ilikuwa ya rangi, ya mpira na mapenzi. Mwaka huu zikaja karatasi za kubandikwa, zilizochapwa kwa wino mweusi tupu, zote za mwanamke mwenye ndoo na brashi. Wenye maduka walimtania: "Mama, leo umejifuta tena?" Aliichunguza moja kabla ya kuipaka chokaa. Mwanamke yule alikuwa na doa shavu la kushoto. Lake liko kulia. Akatulia, lakini si sana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Msimamizi wake aliapa kwamba mbandikaji akipatikana atalala ndani. Aliposikia kuna maonyesho ya picha za kuchapa, akamchukua Mama Chokaa. "Wewe umezifuta zote. Ukiona inayofanana, niambie." Mama Chokaa alikwenda akimwogopea mwanawe.

Picha yenyewe ilikuwa pembeni, haina jina la mchoraji. Doa lilikuwa kushoto, akashusha pumzi. Karibu yake fundi alikuwa akiwaonyesha wageni kazi. Alipaka wino ubao uliochongwa ndege, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akaibandua. Ndege akawa anatazama upande wa pili.

"Kila kitu hugeuka," fundi alisema. "Wanaoanza husahau, wakachonga kama wanavyoona."

Mama Chokaa akainama haraka. Chini ya picha, ubao ulioichapa ulikuwa umeegemezwa ukutani, una matundu ya bawaba za kabati lake. Na pale kwenye ubao alikuwa yeye, doa kulia, amejiuma mdomo kama afanyavyo akipaka sehemu za juu. Hata mikunjo ya shingo haikusahauliwa. Aliona hofu, na nyuma ya hofu aliona fahari, maana hakuna aliyewahi kumtazama kiasi kile.

Msimamizi akafika. "Ndiyo hii. Mbona mnafanana? Una mtoto wewe, sivyo?"

"Ninaye. Anashona."

"Usinichezee, mama."

Alisogea mpaka sketi yake ikauziba ubao. "Bosi, tazama vizuri. Doa lake liko wapi?"

"Kushoto."

"Na langu?"

Msimamizi alitazama picha, akamtazama yeye, akaguna. "Kulia."

"Basi katafute mwenye doa la kushoto."

Jioni alimkuta binti akisugua kucha kwa limau.

"Mchwa wako," Mama Chokaa alisema, "wanajua kuchonga."

Binti alificha mikono mgongoni.

"Karatasi zako kesho nitazifuta, kazi ni kazi." Akavuta kiti mbele ya taa, akakaa, akauinua uso. "Nitazame basi. Lakini hilo doa, mwanangu, usije ukalisahihisha."