Jina Ambalo Mke Hataji

Nilizaliwa Mpumudde, Jinja, nikaolewa Mbale. Shule niliiacha mapema, lakini msikiti wa mtaa wetu ulivyojengwa naujua, maana maji ya kukandia matofali niliyabeba kichwani, na mimba ya kwanza tumboni. Kiwanja alikitoa baba mkwe wangu, fundi cherehani.

Mwaka jana mjukuu wangu, anayesoma chuo Jinja, aliandika habari hiyo kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuchangia. Jioni ileile ikafutwa.

"Jaja," akaniambia, yaani bibi, "wanataka chanzo."

"Chanzo si mimi?"

"Wewe hujachapishwa, Jaja."

Leso zinachapishwa, mimi sijachapishwa! Akanieleza kwamba kila mtu akiweka maneno ya bibi yake, waongo watajaa humo. Sawa. Akamtafuta mwandishi wa gazeti aje kunisikiliza.

Mwandishi alikuja wakati mjukuu yuko chuoni Jinja. Nikampa chai, nikamweleza yote: mvua iliyobomoa ukuta, mzee alivyouza cherehani yake anunue mabati. Mwishoni akauliza, "Huyo mzee anaitwa nani, mama?"

Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake, hata akiwa kaburini. Sijawahi kulitoa mdomoni, nianze leo kwa kijana wa viatu vya ncha? Nikamwambia, "Waulize wanaume hapo nje."

Nje alikuwepo jirani, mwenye duka la simiti. Akamtajia jina la baba yake mwenyewe.

Gazeti likatoka. Wiki haikuisha, jina hilo likawa kwenye kamusi elezo, limebandikwa gazeti kama chanzo. Mjukuu akifuta, wanalirudisha. Tulimpigia mwandishi. Akasema jirani alijibu alipoulizwa, mimi nilikataa.

"Jaja, si ungelisema tu! Mara moja!"

"Olewa kwanza, ndipo unifundishe."

Tangu siku hiyo haandiki tena humo, na jirani ananisalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani, mshenzi yule. Namjibu kwa sababu salamu ni wajibu. Neno la pili hapati.

Ijumaa iliyopita imamu wetu mpya, kijana wa watu asiyejua lolote, alisoma habari za msikiti kwenye simu yake, akamwombea dua baba wa jirani kwa kutupa mahali pa kusujudu. Nyuma ya pazia wanawake wenzangu, wakwe wa mtaa uleule wanaojua kiwanja kilitoka kwa nani, walinitazama. Kisha wakaitikia amina.