Fundi Aliyekataa Kufunga Injini

Alhamisi iliyopita nilipigiwa simu kwamba mama aliyenitengenezea gari kwa miaka mingi hapa Nakuru amefariki. Saratani ilimlaza tangu Pasaka. Tulimzika kwao Rongai, na pale kaburini jamaa mmoja akatuomba tumsamehe marehemu kwa kuwa alikuwa mtu mgumu. Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa. Leo sinyamazi, kwa sababu ugumu huo niliushuhudia kwa macho yangu.

Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimekaa gereji kwake nikisubiri pikapu yangu. Mezani palikuwa na injini ya basi la kubebea wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Kamere, imefunguliwa yote. Alikuwa akipima krenki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni. Alipima mahali pamoja mara mbili, mara ya pili akiwa amegeuza kipimo, kisha akaandika kwa chaki. Tarakimu hazikulingana. Chuma kilichopaswa kuwa mviringo kilikuwa kimelika upande mmoja. Mwenye basi akafika na beringi mpya mkononi. “Mathe, weka hizi ufunge. Kesho asubuhi nataka basi barabarani.” Akamjibu bila kuinua kichwa, “Krenki imelika, boss. Iende ikasagwe kwa mashine kwanza, irudi mviringo. Ukiweka beringi mpya juu ya hii, injini itakamata, isimame ghafla.” Mwenye basi akapitisha kidole. “Mbona ni laini tu?” “Kidole hakisikii. Kipimo kinasikia.” Yule bwana akapandisha sauti: “Hii injini ni yangu!” “Ni yako,” mama akasema, “lakini mikono ni yangu, na haifungi.”

Injini ikabebwa vipande vipande hadi kwa fundi mwingine, ikafungwa siku iyo hiyo. Wenye magari wakaambiana kwamba mama yule ana maringo, na kwa miezi kadhaa gereji yake ikapoa. Hata mimi nilimwambia alegeze kidogo. Akaniuliza kama ningempandisha binti yangu basi lile. Injini ya basi lile ilikamata basi likiwa linapanda mlima karibu na Kikopey, limejaa akina mama wanaorudi kutoka kazini. Lori lililokuwa nyuma lilikwepa likaingia mtaroni. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walitoka salama. Mwenye basi alirudi kwa fundi wetu akiwa mnyonge. Hakusimangwa. Mama alimpa kipimo mkononi, akamwonyesha namna ya kukisoma, akamwambia ajipimie mwenyewe.

Nchi hii imejaa watu wa kupitisha kidole. Ukuta una ufa, tunapaka rangi. Daraja linatikisika, tunalizindua kwa ngoma. Anayesema pamelika anaitwa mgumu, mwenye maringo, adui wa maendeleo. Basi na tuitwe hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeumbuka mara nyingi si mfichaji bali abiria wake. Msomaji wangu, uwe mhasibu, muuguzi au mwashi, iko siku utaletewa kitu kibovu uambiwe ukifunge upesi. Kataa. Wateja wakihama, kataa. Rafiki yako akikushauri ulegeze, kama nilivyofanya mimi kwa aibu yangu, mkatalie na yeye.