Jambazi Lazima Atoke Kusini

Juzi niliingia mgahawa mmoja pale Gerezani, nikaagiza wali maharage. Juu ya friji televisheni ilikuwa inaonyesha filamu ya majambazi, ya hapahapa Bongo. Sikuitazama, nilisikia tu sauti ya muuaji: "Chimama hapo." Watu wakaangua kicheko. Chakula kikanishinda. Ndugu yangu, miaka yote hii imepita, na jambazi bado anaongea kama baba yangu.

Nimekulia Buguruni, nyumba ya kupanga. Nyuma yetu kulikuwa na kibanda cha video, madirisha yamezibwa kwa magunia, mlangoni mama mmoja anakaanga mihogo. Humo ndani alitawala mtafsiri. Filamu ni ya Wazungu, lakini yeye na maiki yake aliwasemesha wote Kiswahili. Tajiri alipewa Kiswahili cha taarifa ya habari. Tapeli alikuwa Mchaga. Wezi na wauaji wote walitoka kusini, kila s wakiitamka ch. Mzungu mwenye macho ya bluu anavunja benki, eti kwao Newala.

Nilipapenda pale, siwezi kukudanganya, kwa ile mihogo yenye pilipili na kelele zetu. Baba hakuwahi kuingia. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa Newala kwelikweli, na ch zake hakuzionea haya. Jioni alikaa kibarazani akipiga soga na mama kwa Kimakonde, na mimi nikitumwa maji nilitumwa kwa Kimakonde.

Asubuhi moja jirani yetu aliamka hana redio. Mwizi hakumwona. Alisema alisikia mtu ananong'ona dirishani, "anaongea kama yule wa kwenye video." Huo ndio ukawa ushahidi. Vijana wakamkuta baba uani anapiga mswaki, wakamburuta hadi kwa mjumbe wa nyumba kumi.

"Chiyo mimi, jamani," baba akasema.

Wakacheka. Kila alivyozidi kujitetea ndivyo walivyozidi kumpiga, maana kila neno lake lilikuwa linamthibitisha.

Jioni redio ikaonekana kwa mpwa wa jirani huyohuyo, mzaliwa wa Buguruni. Jirani alituletea sahani ya vitumbua, mama akawamwagia kuku. Mjumbe naye akasema, "Yaishe, bwana, vijana walizidisha utani." Baba alikuwa amepoteza meno mawili. Hasira ya neno lile, utani, ninayo mpaka leo na sina mpango wa kuiacha.

Baada ya hapo baba akawa anakwepa maneno yenye s. Sabuni akaiita "ile ya kufulia." Kimakonde akakipiga marufuku nyumbani. "Ongeeni kama watu wa hapa," alituambia, na mimi kikanitoka kidogokidogo.

Kibanda kilishavunjwa, siku hizi pale wanauza kava za simu. Wenzangu wanakililia, eti enzi zile raha tupu. Wanapokisifia mimi huondoka.

Mwaka juzi nilikwenda Newala kumuuguza bibi, mama yake baba. Kiswahili hakukijua. Shangazi, aliyekuwa akitutafsiria, alikuwa amekwenda kuteka maji. Bibi akanishika mkono, akaniambia jambo refu, kisha akanitazama akingoja jibu. Nikaitikia kwa kichwa. Shangazi aliporudi bibi alikuwa ameshakata roho, na mpaka leo sijui nilikubali nini.