Mti Ulionyimwa Maji

Nilipokuwa mtoto, baba yangu aligeuka kijiti. Sitanii. Ndivyo nilivyoamini, na nyumba yetu nzima iliishi hivyo kwa zaidi ya mwaka. Baba alikuwa amepanda treni kwenda kaskazini, na mahali pake palibaki kipande cha tawi kisicho na jani hata moja, ambacho tulikisalimia kila asubuhi kabla ya chai.

Ulikuwa wakati ule Katanga ilipojitenga na kujiita nchi, na Lubumbashi bado ikiitwa Elisabethville. Kwangu mimi nchi mpya ilikuwa bendera yenye misalaba ya shaba, shule inayofungwa, kufunguliwa na kufungwa tena, na askari wa kofia za buluu waliopita kwenye magari meupe bila kutupungia mkono. Baba alikuwa fundi wa reli. Walimtuma upande wa kwao, kaskazini, kutengeneza daraja lililovunjwa. Aliaga kama mtu anayekwenda sokoni, akanivuta sikio, akaahidi kurudi na samaki wakavu. Halafu mapigano yakakata njia, treni za upande ule zikaacha kuja, na hatukusikia tena neno lolote juu yake.

Siku ileile aliyoondoka, Kambo alichukua kisu akaenda kwenye uzio wa makaburi ya parokia. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa mama yake baba. Alirudi na tawi la mfranjipani, limekatwa bichi, linadondosha maziwa meupe njia nzima. Jirani yetu alipoliona alishika kichwa.

"Kambo! Muti ya makaburi unaingiza mu lupango?"

"Inalinda bale balilala," Kambo akamjibu bila kusimama. "Italinda na huyu iko anatembea."

Akaingia nalo kwenye lupango, yaani uani kwetu. Alitueleza kwamba kwao, mtu akienda safari ya mashaka, nyumbani hukatwa tawi la mti wa maziwa na kupewa jina lake. Tawi likishika mizizi, mtu wenu yu mzima. Tawi likioza... Hapo hakumaliza, aligeuka akatema mate pembeni. Basi tawi lilipewa jina la baba, likalazwa juu ya bati la jikoni, juani. Nilidhani kitu cha kupandwa hupandwa mara moja, nikataka kulichimbia shimo.

"Umuache," akanikataza. "Ukimutia mu udongo na kidonda kibichi, ataoza. Akauke kwanza."

Basi baba yangu akawa amelala juu ya bati, jua likimwakia, nami nikikaa chini nikimsimulia mambo ya nyumbani. Nilimwambia shule imefungwa. Nilimwambia mama hali chakula. Usiku nilimwota amesimama kwenye debe hadi magotini, mikono juu, majani yanamtoka vidoleni, na yeye anacheka kwa sababu yanamtekenya.

Pale alipokatwa palipofunga ngozi, Kambo alimtia kwenye debe la mafuta alilolitoboa chini, lenye mchanga mwingi wa mtoni na udongo wetu mwekundu kidogo. Akaliweka chini ya dirisha la mama. Ndipo akatoa onyo, akimtazama mama zaidi kuliko mimi, Fébro.

"Mama Fébro, sikia muzuri. Huyu hapana kumupa mayi mpaka atoe majani. Na majani ikianguka mu baridi, ni kusema amelala tu. Hapana kumupa hata tone. Ukimumwangia mayi mu baridi, muntu wetu ataoza kule iko."

"Nimesikia, mama," mama akajibu, macho chini, kama mkwe anavyomjibu mama mkwe.

Mvua zilipoanza, kijiti kilitoa ncha ya kijani, kisha majani marefu yanayong'aa. Sijui nieleze vipi furaha ile. Mama, ambaye alikuwa ameacha kuimba, alikuwa akifuta vumbi kwenye majani kwa ncha ya kitenge chake, jani moja moja, akinong'ona maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasikia. Mjini milio ya bunduki ilikuja ikapita, tukalala chini ya kitanda, tukatoka. Kila tulipotoka tulikimbilia dirishani kwanza. Majani yapo. Baba yupo. Basi tunapika.

Halafu ikaja baridi. Aliyezaliwa Lubumbashi anaijua ile baridi ya kiangazi, kavu, yenye upepo wa vumbi na harufu ya majani yanayochomwa porini. Majani ya baba yakageuka manjano, yakaanguka, mpaka akabaki kijiti tena. Kambo aliyafagia kama takataka nyingine yoyote. "Amelala," akasema. Lakini mama alikuwa mtu wa kaya ya bustani za mboga, mtu ambaye kila kitu alichokijua kuhusu kupenda mmea kilianza na maji. Alikitazama kile kijiti siku baada ya siku, midomo imekauka yeye mwenyewe.

Asubuhi moja niliamka mapema nikamwona kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi ardhini, na mama alikuwa amechuchumaa mbele ya debe na kikombe chetu cha bati chenye ukingo wa buluu. Alikuwa anamwaga polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Nilirudi kulala nikiwa na hakika kwamba nimeota. Asubuhi zilizofuata nilimwota tena na tena.

Kambo aligundua kwa kidole. Alikuwa na desturi ya kukibonyeza kile kijiti akipita, na siku hiyo kidole kilizama. Shina lilikuwa laini karibu na udongo, limegeuka rangi ya chai. Hakupiga kelele. Alimgeukia mama, na mama akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Alikuwa na kiu, mama," mama akasema. "Niliona iko na kiu."

Sijawahi kuogopa tena kama nilivyoogopa siku ile. Sote watatu tulijua tunatazama nini. Kambo alikuwa akimtazama mwanawe wa pekee. Aling'oa kijiti, akakifuta, akaanza kukata vipande vya chini kwa kile kisu chake. Kipande cha kwanza kilikuwa kahawia. Akakata juu zaidi, bado kahawia. Mama alifunika uso. Kambo akakata tena, na safari hii maziwa yakatoka, meupe, yakamtiririkia kwenye vidole.

"Iko!" akapiga kelele. "Fébro, angalia, iko!" Nilimwona Kambo akilia, na hilo sikuwa nimeliona hata kwenye misiba.

Kilichobaki kilikuwa kifupi, hakifiki magoti yangu. Kilirudi juu ya bati kukauka, kisha kwenye debe jipya. Mama hakukaribia tena dirisha lile. Joto liliporudi, kabla hata ya mvua, kijiti kile kifupi kilifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kilichanua. Maua meupe yenye moyo wa manjano, hayana jani la kuyasindikiza, na harufu yake jioni iliingia ndani ya nyumba ikajaa hadi kwenye mashuka. Nililala ndani ya harufu ile nikiwa na amani kamili. Mama alilala nayo macho wazi.

Ule utawala wa kujitenga ulipoanguka na njia zikafunguka, baba alirudi. Alikuja mvua ikinyesha, amekonda, amebebwa nyuma ya lori la watu wasiotujua. Kwanza niliona uso wake. Halafu niliona magongo, na mguu mmoja wa suruali uliofungwa fundo chini ya goti.

Alisimulia akiwa amekaa jikoni, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Chuma cha daraja kilimwangukia mguuni. Hapakuwa na dawa. Mguu ulianza kuoza, wakambeba hadi kwa masista wa misheni, na huko daktari akaukata.

"Ilikuwa wakati gani?" mama akauliza.

"Nani alikuwa anahesabu? Baridi ilikuwa kali. Masista bakanifunika mablanketi, sikupata joto."

Mama aliketi sakafuni. "Ni miye," akasema. "Nilikumwangia mayi."

Baba hakuelewa, ikabidi Kambo ampeleke dirishani na kumweleza yote. Alisimama pale kwenye magongo yake muda mrefu, akakitazama kile kijiti kifupi, akainama kukinusa karibu aanguke.

"Ulimukata wapi, mama?"

"Nilikata, nilikata, mpaka pale maziwa ilitoka."

"Njo vile docteur alifanya. Alipanda mpaka akaona damu muzuri." Akamgeukia mama. "Mama Fébro, sikia. Kama bangeniacha na mugulu yote, ningekufwa. Ulinipa mayi ju ya kunipenda. Mama akanikata ju ya kunipenda. Sasa niko hapa, na njala inaniuma."

Kambo alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nikacheka. Mama hakucheka, aliinuka akaenda kusonga bukari, ugali wetu.

Mti ule ulihamishiwa ardhini, ukakua hadi ukapita bati la nyumba. Miaka yote hiyo mama hakuupa hata tone. Maji ya kufulia aliyabeba hadi barabarani kuyamwaga, asije akakosea yakatiririka upande ule. Oktoba, jua likipasua ardhi, baba akiwa kwenye kiti chake kivulini alimtania: "Mama Fébro, huyu iko na kiu." Mama alijifanya hasikii.

Leo ninauza miche mtaa wa Naviundu, na mifranjipani ndiyo inayonilisha. Inafaa sana bustani za huku kwetu, maana baridi yetu haiui na ukame haiujali. Wateja wananitia wazimu. Wanapanda tawi likiwa bado linatoka maziwa, wanalimwagia kila jioni, kisha wanakuja kunilalamikia. Nawaambia: mti huu unapenda jua, mchanga na kusahauliwa. Wakati wa baridi uache. Hawasikii.

Najua basi kwa nini kijiti kile kilioza. Udongo wa baridi haukaushi maji, na mti uliolala haunywi. Najua pia kwamba mguu bila dawa huoza, kijiti kiwe kimemwagiwa maji au hapana. Nilimweleza mama haya yote siku moja nikiwa mtu mzima, kwa upole, kama ninavyowaeleza wateja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Unasema muzuri, mutoto wangu," akasema. "Lakini mayi, ni miye nilimwanga."

Miaka mingi nilidhani mama aliuogopa mti ule, na iliniudhi. Sasa naona nilikosea. Alikuwa mtu wa kutoa maji, na alijizuia kila siku ya maisha yake, katika kila joto, kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akimtania. Sijui kama imani ile ilikuwa ya kweli. Najua kwamba nimeona watu wachache waliopendwa hivyo.

Baba alifariki akiwa mzee, kitandani kwake, katika mwezi wa joto, mti umejaa maua. Haukuangusha jani. Tuliporudi kutoka makaburini na wageni wakapungua, nilimwona mama akitoka jikoni, anatembea polepole, na mkononi ana kikombe kile cha bati chenye ukingo wa buluu. Alichuchumaa kwa shida chini ya mti. Akamwaga maji kuzunguka shina, polepole, udongo ukayanywa palepale.

"Kunywa," akasema. "Sasa kunywa tu, baba Fébro. Mayi haiwezi kukufanya kitu tena."

Kikombe kilipoisha alinipa mimi, nikaenda kuchota kingine.