Kitambaa cha Akiba

Mama Futi alikuwa fundi cherehani asiyehitaji futi, na jina hilo watu walimbandika kwa utani. Mteja akiingia, kabla hajakaa, yeye keshampima kwa macho: kiuno hiki, nyonga hizi, bega la kushoto limeshuka kidogo. Aliwahi kumwambia bibi harusi mmoja mbele ya mashoga zake kwamba gauni litambana baada ya miezi miwili. Likambana kweli, na sababu yenyewe ikazaliwa salama.

Alikuwa na sheria moja, na ole wake mwanafunzi aliyeivunja: ukipunguza nguo, usikate kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. "Mwili wa mtu si ukuta," alizoea kusema. "Leo umepungua, kesho utarudi. Mwachie akiba yake." Hata kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na sita aliyekulia chini ya meza ya cherehani akiokota vifungo, aliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma.

Lakini kinyozi hajinyoi. Macho yaliyopima mtaa mzima hayakumwona aliyelala chumba cha pili.

Na dalili zilikuwepo, tusidanganyane. Binti alipika kuliko wakati wowote, akawapakulia wengine nyumbani mpaka sahani zikafurika, halafu chakula chake akakisogeza kwa kijiko huku na huku. "Nimeshakula shuleni, mama." Sweta hakuvua hata jua likiwa la utosi. Shangazi yake alipokuja kuwatembelea alipiga makofi mlangoni: "Wifi! Mwanao kakatika kiuno siku hizi! Hebu nipe siri yako, mwanangu." Binti akatabasamu. Mama naye akatabasamu, maana mtoto akisifiwa, mama hushiba. Kuanzia jioni ile binti aliacha hata sukari kwenye chai, na nyumba nzima ikaiita hiyo nidhamu.

Jumamosi moja mchana, Mama Futi aliichukua sketi ya shule ya binti ashone pindo lililofumuka. Akaigeuza nje ndani, mkono ukasita.

Ubavuni palikuwa na mishono minne, kila mmoja umeingia ndani kuliko uliotangulia. Haikuwa yake. Fundi huujua mshono wake kama mwandiko, na hii ilipinda kidogo mwishoni, kama binti alivyokuwa akishona tangu utotoni. Kitambaa cha akiba kilikuwepo chote, kimekunjwa vizuri.

Aliingia chumbani kwa binti akafungua kabati. Akatoa gauni la manjano, alilomshonea mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, akaligeuza. Hapa palikuwa na mshono mmoja tu. Akiba ilikuwa imekatwa kwa mkasi, wima, karibu kabisa na uzi. Kwenye sketi mtoto alikuwa bado anafikiria kurudi; kwenye gauni hakufikiria tena.

Binti alikuwa mlangoni, mikono imelowa maji ya vyombo.

"Nani kakwambia ukate?"

Binti akaipangusa mikono kwenye sweta.

"Nakuuliza wewe! Unataka kuniua?"

"Nilikata ili nisirudi kule nilikokuwa, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Sasa nataka kuacha, siwezi. Nikiiona sahani naogopa. Hata usiponiangalia, naogopa."

Mama Futi alikuwa na maneno tele mdomoni: ni kiburi, ni deko, ungezaliwa enzi zetu ungekula mpaka sufuria. Akayameza yote. Akachukua futi, ile ya kweli, akamwambia avue sweta. Akavua moja. Ndani yake palikuwa na jingine, na ndani ya hilo jingine tena. Futi ilipozunguka kiuno, fundi aliiachia kabla ya kuisoma namba. Alijilaumu waziwazi, kwa sauti, na binti akamsikia.

Dukani, chumba cha mbele, aliacha mteja amekaa na kitambaa mapajani. "Kesho," akamwambia, asijue kesho itakuwaje.

Hospitalini muuguzi aliusikiliza moyo wa binti muda mrefu, akamwita daktari. Daktari naye akausikiliza muda mrefu.

"Mama, huyu hatoki leo. Moyo unapiga polepole mno."

"Lakini kaja kwa miguu yake! Jana kafua mashuka!"

"Wengi huja kwa miguu yao," daktari akasema. "Huu ni ugonjwa, mama, si ukaidi. Usimgombeze, usimsifie wembamba, na usimwache ale peke yake. Tutamtibu mwili na mawazo pia. Ila sitakudanganya, tumechelewa kidogo."

Neno "kidogo" Mama Futi hakulisikia. Alisikia "tumechelewa".

Siku ya tatu alikwenda na gauni la manjano na sindano. Kwa kuwa kitambaa cha rangi ile hakikupatikana tena, alinunua cha buluu, akakaa kando ya kitanda akiunga vipande vipya ubavuni. Uji ulikuwa mezani, vijiko viwili tu vimepungua. Binti aliitazama sindano ikipanda na kushuka, macho makubwa katika uso mdogo.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Usiweke kikubwa sana. Tafadhali."

Sindano ikasimama. Mama Futi alimtazama mwanawe, akaona kwamba kile kilichomfanya akate gauni bado kimelala naye kitandani pale. Akasogeza bakuli la uji karibu naye, kisha akaendelea kushona, na akiba akaiacha pana.