Kisulisuli kilinikuta ndani ya eda

Kwanza ulisikika muungurumo, kama malori mengi yanayopanda kilima kwa gia nzito.

Wakuu, salamu kwenu. Umri wangu ni wa bibi zenu, lakini humu nami nabisha hodi kama wengine. Haya yalinipata mwenyewe. Sina cha kuongeza, na nilichosahau nimekiacha.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, kijiji kipya kando ya barabara, si mbali na Kiranjeranje. Nyumba zilipangwa mstari, za fito na udongo, makuti juu. Kwetu mlango tu ndio ulikuwa wa zamani. Siku ya kuhamishwa mume wangu aliung'oa pamoja na fremu, akaupakia kwenye lori, akaukalia njia nzima asije mtu akaushusha.

Mwaka haukuisha, homa ikamchukua.

Nikakaa eda. Kwa wasiojua, mwanamke Mwislamu akifiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura.

Mimi ni Mmwera wa Milola. Ukweni ni watu wa pwani, wa Kilwa. Wifi yangu Mwanahawa alikuwa jirani yangu pale kwenye mstari, na ndiye aliyeniletea maji na chakula. Kila akitua ndoo alisimama kizingitini akawaambia majirani, makusudi nisikie:

"Hawa Wamwera eda wanaisikia kwa watu. Huyu hafiki mwisho. Mtamkuta kwenye mikorosho anaokota korosho."

Moyoni nikaapa nitafika, iwe iwavyo.

Sasa turudi kwenye ule muungurumo. Ilikuwa mchana. Nje watoto waliitana, "Malori, malori." Miaka ile sauti ya malori ilikuwa na maana moja: mnahama tena. Kwa hiyo watu, badala ya kujificha, walitoka barabarani, wengine na masufuria kichwani. Nilimsikia mzee mmoja akilalamika kwamba hata choo hajamaliza kuchimba.

Kisha kelele zikabadilika.

Mwanahawa akaingia mbio. "Toka, wifi. Si malori. Ni upepo unazunguka, unakuja na mapaa ya watu. Wenzetu wanakimbilia ghalani."

"Siwezi kutoka. Nina eda."

"Kaka yangu keshazikwa. Unataka umfuate?"

"Ulisema sifiki."

Alinitazama. Nilidhani atanizaba kofi. Angeweza kukimbia, ghala la kijiji lilikuwa la matofali na miguu alikuwa nayo. Badala yake alifunga mlango, akasukuma komeo, akachuchumaa kando yangu chini ya fremu ya mlango.

"Sogea basi, mkaidi wewe."

Giza likaingia ndani. Masikio yakaziba. Paa liliondoka lote kwa pamoja, kama mtu anavyofunua kawa kwenye chakula, nikaona mbingu ya rangi ya matope ikizungusha makuti, nguo, na kuku mmoja mweupe. Ukuta wa nyuma ukalala nje. Mwanahawa alinikumbatia kiuno, akasoma kila aya aliyoijua, na zilipokwisha akaanza upya.

Kisha kimya. Vumbi likatutua midomoni. Mlango ulikuwa umesimama, komeo mahali pake. Nyumba ya Mwanahawa haikuwepo.

Balozi wa nyumba kumi akaja kukagua watu wake. Angeweza kuzunguka nyuma akatuona tulivyokaa, lakini alisimama mbele ya mlango, akabisha.

"Hodi wenyewe?"

"Subiri," Mwanahawa akajibu. "Humu kuna mtu wa eda."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Jioni mwalimu wa chuo cha Kurani akatuma ujumbe: ile ilikuwa dharura, ruhusa ya kutoka nilikuwa nayo tangu mwanzo. Mwanahawa akasema, "Mwambieni asante, amechelewa." Wanakijiji wakaziba nyuma kwa makuti, wifi akahamia kwangu, eda ikaendelea.

Funzo langu, wakuu, ni hili. Waliokimbilia ghalani walipona wote, na wala hawakuhitaji bahati. Sisi tulipona kwa bahati. Nilikuwa tayari kufa kwa sababu ya maneno ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa tayari kufa pamoja nami. Ulizeni ruhusa zenu mapema, kabla upepo haujafika.

Mliokuwa kusini miaka ile, au mliosimuliwa na wazee wenu, andikeni hapa chini. Nitasoma yote.

Namalizia. Siku ya kutoka eda Mwanahawa aliniogesha, akanifukiza udi, akanifunga kanga mpya. Nilikuwa narudi Milola kwa mama. Nyumba nilimwachia yeye. Nikainua mzigo, nikaelekea kwenye upenyo wa makuti nyuma, ndiko kulikokuwa karibu na njia. Akanishika mkono.

"Pita mlangoni."

Akaufungua mwenyewe. Tukasimama hapo kidogo, tulipochuchumaa siku ile.

"Haya, Mmwera," akasema. "Umefika."

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia mlango unafungwa, na komeo likiingia mahali pake.