Ugoro Niliokuwa Nimeuacha

Chekeni mmalize kabisa, halafu mnyamaze niseme, kwa sababu aibu yangu ya Kibomet imesimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, na wote wanaisimulia vibaya, ati Mama Nasimiyu alishikwa na ugoro kanisani. Uongo! Niliaibika, ndiyo, lakini ugoro sikuwa nao.

Wakati huo wazungu walikuwa bado na mashamba yao huku Kitale kote, na mimi na mume wangu tulikuwa tumehama kutoka Bokoli tukaja Kibomet, nikiuza maziwa sokoni. Tulikuwa watatu tulioamua kuacha ugoro pamoja: mimi, Mama Njeri jirani yangu, na Petro seremala. Mapatano yalikuwa rahisi tu, hamu ikikushika hukai peke yako, unakimbia kwa mwenzako, anakupa muwa utafune huku akikupigia hadithi mpaka hamu ipite. Na ilisaidia, bana, siwezi kudanganya. Siku moja Mama Njeri aliacha githeri yake ikaungua kwa sababu yangu.

Sasa kosa (ni moja tu, na hata si langu). Petro akanishauri: "Mama Nasimiyu, saga mahindi ya kukaanga, tia pilipili kidogo, weka kwa ule mkebe wako wa ugoro. Pua ni mjinga, ukiipa kitu inanyamaza." Nikamsikiliza. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikamsikiliza fundi wa vitanda!

Jumapili moja akaja mchungaji mgeni kutoka Bungoma, tukaambiwa sisi watatu tutatoa ushuhuda wa kuacha ugoro. Nilipoona vile kanisa limejaa pua ikaanza kuwasha, nikajifunika leso kama mtu anayeomba, nikavuta kidogo. (Kidogo! Nilivuta karibu nusu ya mkebe.) Tukaitwa mbele. Nikatembea vizuri, nikafungua mdomo niseme "Bwana asifiwe," ikatoka chafya. Ikaja nyingine, na nyingine ikanikunja mgongo, leso ikafunguka, mkebe ukaanguka kwa simiti, ukabiringika na kumwaga unga wake wa kahawia mpaka kwa viatu vya mchungaji.

"Uuuwi!" wanawake wakalia.

"Mama," mchungaji akauliza polepole, "hii ni nini?"

"Ni ma..." Chafya. "Ni ma..." Chafya.

"Ati amesema nini?" mtu akauliza huko nyuma.

"Amesema ni mazoea!"

Nikawageukia wenzangu wanitetee. Petro, mwenye shauri lake, alikuwa anaangalia mabati ya paa kama mtu aliyeitwa kuyatengeneza. Mama Njeri alikuwa amesogea kando, vile mtu anakwepa moshi. Hakuna aliyesema neno. Hata kukohoa!

Ndipo Mzee Barasa akainuka, mzee wa kanisa aliyekuwa akitukemea juu ya ugoro kila Jumapili. Akainama, akachota ule unga kwa vidole, akafumba jicho moja, akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto, safi, bila kumwaga hata chembe.

"Huyu mama anaonewa," akasema. "Hii ni bure kabisa. Hata magadi haina."

(Magadi ndiyo inaupa ugoro ukali, na hiyo huwezi kuijua kwa kusoma Biblia.) Sauti ya bibi yake ikatoka kwa benchi la akina mama: "Baba Nanjala, na wewe magadi ulijulia wapi?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akaketi. Kwa hivyo nikaokolewa, si ndiyo? Hapana! Sokoni niliitwa Mama Chafya, wateja wananipigia chafya ya uongo kabla hawajaulizia maziwa, na Mzee Barasa hakuna aliyempa jina. Yeye alikuwa akivuta ugoro wa kweli akabaki mzee wa kanisa, mimi nilivuta mahindi nikawa kichekesho cha soko zima!

Jioni ya Jumapili hiyo Petro na Mama Njeri wakaja kuomba msamaha. "Niliogopa," Mama Njeri akasema, analia. "Wangejua ni mimi nilikusagia ule unga."

"Wewe uliogopa watu," nikamwambia, "mimi nikaliwa na hao watu." Niliwafungulia mlango, lakini chai sikuwapa.

Kisha siku moja mchana nikaona Mzee Barasa mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Nasimiyu, nataka kuacha. Peke yangu nimeshindwa. Nipokeeni."

Nilimwangalia sana. "Na siku nikiaibika tena mbele ya watu, mzee, utasema?"

"Si nilisema?" akanijibu. "Na ukaona vile ilinipata kwa bibi yangu."

Nikamvutia kiti. Lakini tangu hapo niliapa, mtu akitaka kuacha kitu pamoja na mimi namuuliza kwanza swali hilo moja, na akianza kufikiria sana, namwambia aende kwa Petro.